Kabla ya daktari wa vita kuna aliyebeba machela

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za matibabu ya vitani, usiku watu wakishalala na feni inazunguka, na kila nikizidi kusoma naona ile picha tuliyoizoea, daktari ana msumeno mkononi na askari kang'ata kipande cha ngozi, ni sehemu tu ya habari, tena sehemu ndogo. Watu wengi vitani hawakufa kwa kukosa daktari hodari. Walikufa njiani, ama walikufa wakingoja mtu aje awachukue, ama walikufa kwa kuhara na homa na risasi hata hawajaisikia mlio wake. Ndo manake mie siku hizi nikisoma vita vyovyote sianzi kuuliza nani alipasua, nauliza nani alibeba, na huyo mbebaji naye alipougua alibebwa na nani.

Na sisi wa Mombasa jambo hili latuhusu sana, nitafika huko.

Nianze mbali kidogo. Zamani Ulaya waliamini jeraha la risasi lina sumu ya baruti ndani yake, kwa hivo dawa ilikuwa kumimina mafuta ya moto kwenye kidonda, hebu fikiria. Miaka ya 1530 kwenye vita vya Turin kijana mmoja Mfaransa, Ambroise Paré, mafuta yalimwishia na majeruhi bado wamejaa, akawapaka waliobaki mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, kisha usiku kucha hakupata usingizi akidhani asubuhi atawakuta wamekufa. Alipokwenda kuwaangalia alfajiri akakuta hao wa yai wamelala salama na wale wa mafuta ya moto wana homa, wamevimba, wanalia kwa maumivu. Akaacha kuchoma watu. Baadaye akawa anafunga mishipa ya damu kwa uzi akikata kiungo badala ya kuichoma kwa chuma cha moto, na hiyo kazi ya uzi madaktari wanaifanya mpaka leo.

Lakini Paré alikuwa akingoja majeruhi waletwe. Aliyebadilisha mambo ni Dominique Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Ufaransa, na huyu mie nampenda sana nasema wazi. Mpaka wakati wake desturi ilikuwa majeruhi wanaachwa uwanjani mpaka vita viishe, magari ya kuwabebea yako nyuma huko kilomita kadhaa, kwa hivo mtu anaweza kulala na mguu uliovunjika siku nzima au zaidi jua linampiga na damu inamtoka. Larrey mwaka 1792 akiwa na jeshi la mto Rhine akaona vile farasi wa mizinga wanavyokimbia na mizigo yao, akajiuliza kwa nini mzinga unakimbizwa na binadamu anaachwa. Akatengeneza vigari vyepesi vya farasi, vya magurudumu mawili na vingine manne, vinaingia uwanjani risasi zikiwa bado zinalia, vina bendeji na watu waliofundishwa. Walipokwenda Misri 1798 na vigari havitembei kwenye mchanga, akatumia ngamia, kila ngamia ana sanduku huku na sanduku huku na majeruhi amelazwa ndani. Na akaweka kanuni ambayo mpaka leo ndo msingi wa chumba cha dharura cha hospitali yoyote: anayetangulia kutibiwa ni aliyeumia zaidi, si mwenye cheo kikubwa, wala haijalishi ni wa upande gani. Jenerali mwenye mkwaruzo anangoja, kuruta mwenye tumbo wazi anaingia.

Watu wanamkumbuka zaidi kwa kukata viungo, ati kule Borodino 1812 alikata kama 200 ndani ya masaa 24. Ni kweli na inatisha, lakini alikuwa na sababu. Mfupa uliosagwa na risasi, na kipande cha nguo chafu kimeingia ndani, ulikuwa unaoza na mtu anakufa na usaha mwili mzima, na dawa ya kuua vijidudu haipo, hata habari ya vijidudu yenyewe hakuna aliyeijua. Kukata mapema kulikuwa kuokoa. Na haraka ile ilikuwa huruma, manake nusukaputi hakukuwa nayo bado, etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846 na klorofomu ikafuata 1847.

Sasa maradhi. Vita vya Crimea 1854 mpaka 1856, Waingereza walipoteza askari kama elfu 21 na zaidi ya elfu 16 kati yao waliuliwa na kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, baridi. Florence Nightingale wote tunamjua, na yule mama wa Jamaika Mary Seacole nafurahi siku hizi anatajwa pia, lakini kilichopunguza vifo pale hospitali ya Scutari hasa ni mwaka 1855 walipokuja mafundi wakazibua mabomba ya maji machafu yaliyokuwa yanapita chini ya jengo, wakasafisha, wakafungua madirisha hewa ipite. Yaani choo! Na sisi hapa tusiende mbali, ile Ngome yetu ya Yesu ilipozingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko mizinga, ikafika wakati Wareno karibu wote wamekufa. Ukienda pale kupiga picha kumbuka na hilo.

Kuna daktari mwingine wa kazi ya kubeba, Jonathan Letterman, Mmarekani. Kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Agosti 1862, kuna majeruhi walilala uwanjani karibu wiki nzima kwa sababu madereva wa magari ya wagonjwa hawakuwa na mkubwa wao, wengine walikimbia. Letterman kwenye jeshi lake mwezi huo huo alikuwa ameshaunda kikosi maalumu cha ambulensi, kina maafisa wake na magari yake ambayo hayaruhusiwi kubeba kitu kingine, na mwezi uliofuata tu kule Antietam, siku iliyoua Wamarekani wengi kuliko siku nyingine yoyote ya vita ile, majeruhi walikuwa wameondolewa uwanjani ndani ya siku moja hivi. Hakuleta dawa mpya hata moja. Alipanga wabebaji.

Alafu kuna kitu nataka nikae nacho kidogo kwa sababu kinafanyika hapa Mombasa kila wiki, fupa la paja. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, askari aliyevunjika fupa la paja kwa risasi alikuwa karibu ni mfu, takriban wanane katika kumi walikufa. Na wengi walikuwa wanakufa kwenye machela. Misuli ya paja ina nguvu sana, mfupa ukikatika inajikunja, ncha za mfupa zinachoma nyama na mishipa kila machela inapotikisika, na paja peke yake linaweza kumeza lita nzima ya damu na zaidi bila wewe kuona tone nje. Sasa kulikuwa na kifaa kinaitwa gango la Thomas, pete moja ya kukaa kinenani na vyuma viwili virefu mpaka chini ya mguu, mguu unavutwa unanyooshwa unafungwa hapo. Aliyelibuni ni Hugh Owen Thomas wa Liverpool, miaka mingi kabla ya vita, wenzake hawakumjali, akafa 1891. Mpwa wa mkewe Robert Jones ndo aliyeling'ang'ania likapelekwa vitani, wabebaji wa machela wakafundishwa kulifunga hata wamefungwa macho, na kufikia 1917 vifo vikashuka mpaka kama wawili katika kumi au chini ya hapo. Lilifungwa pale pale mtu alipoanguka, kabla hajainuliwa. Hiyo ndo siri yake yote.

Nasema linatuhusu kwa sababu nilishuhudia karibu na daraja la Nyali, bodaboda imegongwa, kijana yuko chini na paja limepinda vibaya, vijana wenzake kwa nia njema kabisa wakamdaka mikono na miguu wamrushe kwenye tuktuk. Mama mmoja anayeuza viazi karai akawapigia kelele, akavua leso yake ya juu.

"Wanangu ngojeni, mfungeni miguu kwanza."

"Mamaa tutachelewa, atatufia hapa."

"Mtamuua nyinyi kwa kumvutavuta. Shika hapa."

Wakamlaza kwenye ubao, wakaufunga mguu mbovu na ule mzima pamoja kwa leso, juu na chini, wakachukua pikapu badala ya tuktuk. Sijui yule mama alijifunza wapi lakini alichofanya ndicho hicho hicho wabebaji wa 1917 walichofundishwa, kwa vifaa alivyokuwa navyo. Ningependa kila steji ya boda mjini iwe na watu wawili watatu wanaojua hili.

Sasa nije nyumbani. Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi kutoka India, kama watu 8,000, wakashuka Tanga kupigana na Wajerumani ambao hawakufika hata 1,500. Wakapigwa vibaya, hata nyuki nao waliingia kwenye mapigano, mamia wakafa na kujeruhiwa, wakarudi melini na kuacha baadhi ya majeruhi wao mikononi mwa adui kwa sababu hakukuwa na njia ya kuwabeba wote. Hizo meli zilikuja Mombasa. Kutoka hapo vita vikawa vyetu kwa miaka minne, reli ikachimbwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na ukipita leo Voi, Maktau na Taveta makaburi yao yako pale.

Kwenye vita hivi hakuna farasi wala ng'ombe aliyedumu, mbung'o waliwamaliza. Kwa hivo kila kitu kilibebwa na watu. Risasi, mchele, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande, na majeruhi. Machela moja msituni inataka watu wanne na wanne wengine wa kupokezana, na kama mtu yuko mbali na reli ni siku nyingi za kutembea, mvua inanyesha, mito imejaa. Wapagazi walikusanywa kila mahali, kwa hiari mwanzoni na baadaye kwa nguvu. Wagiriama walikataa, na mwaka huo huo 1914 Kaya Fungo, kaya yao takatifu, ikalipuliwa kwa baruti, watu wakauliwa, wakapigwa faini na bado wakatakiwa watoe vijana wa kwenda kubeba.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia habari za ami yake aliyechukuliwa kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, kutoka upande wa Kaloleni. Alirudi, alhamdulillahi, lakini vidole vya mguu mmoja vimeliwa na funza, na mpaka anakufa hakugusa sima ya mahindi ya kuparazwa. Nilikuwa nadhani ni maringo ya wazee. Mpaka niliposoma ndo nikaelewa, wapagazi walipewa unga uliosagwa vibaya una maganda, na mahindi yenyewe wengi hawakuyazoea, walikuwa watu wa ndizi au mtama au wimbi, tena wamefika kambini usiku wamechoka na kuni zimelowa, chakula kinaliwa hakijaiva. Tumbo linachanika. Kuhara damu kukawaua kuliko Mjerumani. Ongeza malaria, nimonia kwa kulala bila blanketi kwenye baridi ya milimani wakati mtu ametoka pwani, na funza walioingia miguuni mpaka mtu hawezi kukanyaga. Na mpagazi asiyeweza kukanyaga hana thamani kwa jeshi.

Hata wazungu maradhi hayakuwaacha. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 kikiwa na watu 1,135, Oktoba waliokuwa wazima ni 116, na mapigano makubwa hata hawakuwa nayo mengi. Wajerumani kwa upande wao waliziba pengo kwa akili, ile taasisi yao ya Amani kule Usambara ilikuwa na miti ya sinkona, wakatengeneza kwinini wenyewe, na walipokimbizwa kusini wakawa wanachemsha maganda ya mti ule wanakunywa maji yake machungu. Bendeji zikaisha wakatumia magome ya miti yaliyopondwa. Lakini nao wapagazi wao walikufa kwa maelfu na hesabu haikuwekwa.

Kwa upande wa Waingereza hesabu ya serikali yenyewe inasema wapagazi zaidi ya elfu 90 walikufa, na wanaojua wanasema walizidi. Wengi sana kwa maradhi. Mkuu wao alikuwa Oscar Watkins, ofisa aliyejua Kiswahili, na inaonekana alipigania sana apate wapishi, blanketi, madaktari na unga mzuri wa watu wake, na mambo yakawa nafuu kidogo baadaye, lakini kwa wengi ilikuwa imechelewa. Mwaka 1917 Uganda nako likaundwa jeshi la tiba la Waafrika, vijana waliosoma shule za misheni wakafundishwa kufunga vidonda na kuuguza wapagazi hospitalini, chini ya daktari Keane. Hao kwangu mie ni mashujaa kuliko majenerali wote wa vita ile, manake hatimaye aliyebeba akapata mtu wa kumshika mkono anayeongea lugha anayoielewa. Kisha 1918, watu wanaanza kurudi makwao, homa ile kubwa ya mafua ikaingia kupitia bandari hii hii yetu ikapanda na reli mpaka bara.

Pale mjini ziko sanamu za kumbukumbu ya vita hivyo, maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mtu hata mmoja halipo.

Vita vya pili sitavieleza vyote, penisilini na damu ya chupa mnazijua, ingawa damu ya kuhifadhi ilianza 1917 na daktari Oswald Robertson kule Ufaransa, aliiweka na sitrati isigande na kuitia kwenye barafu. Nataka kutaja mambo mawili tu. Moja ni Burma, ambako vijana wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipigana 1944 kwenye mvua za masika za huko. Mwaka mmoja kabla, jeshi la Uingereza kule lilikuwa linaondoa wagonjwa 120 kwa kila majeruhi mmoja. Jenerali Slim akaamuru kila askari ameze vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria mbele ya ofisa, vile vinavyogeuza ngozi kuwa ya njano, anakuja ghafla kikosi kinapimwa damu, na makamanda watatu ambao watu wao hawakumeza akawafukuza kazi. Malaria ikashuka. Na ni Burma hiyo hiyo, Aprili 1944, helikopta ilipobeba majeruhi wa vita kwa mara ya kwanza, jambo ambalo baadaye Korea na Vietnam lilifupisha safari ya majeruhi mpaka kufika kwa daktari.

La pili ni meli. Khedive Ismail iliondoka Kilindini mwanzo wa Februari 1944 kwenda Colombo, ndani yake zaidi ya watu 1,500, wengi ni wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301, na pamoja nao manesi zaidi ya 50 waliokuwa wakienda kuuguza majeruhi wa vita vya huko. Tarehe 12 Februari karibu na visiwa vya Maldivi nyambizi ya Wajapani ikaipiga, ikazama kwa dakika kama mbili. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaogelea, na manowari za Uingereza zikarusha mabomu ya majini hapo hapo. Walikufa 1,297, wanawake 77. Manesi karibu wote. Nimezaliwa mji huu, nimesoma mji huu, nimevuka Likoni maisha yangu yote nikiiangalia bandari ile, na shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia meli hii.

Mambo ya vita yanaendelea kutufikia. Kuna dawa inaitwa asidi ya traneksamiki, ya kuzuia damu isiendelee kutoka, utafiti mkubwa wa 2010 kwa watu zaidi ya elfu 20 katika nchi 40 ulionyesha inaokoa walioumia ikitolewa ndani ya masaa matatu, majeshi yakaichukua Afghanistan, na 2017 ikaonekana inapunguza vifo vya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, nayo pia ikiwahi. Masaa matatu! Kwa mama aliye ndani kabisa Kinango au Ganze usiku wa mvua, tunarudi pale pale, nani anambeba.

Na hili la mwisho ndo limenifanya niandike. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa ripoti yake yenyewe kwamba watu wasiopungua elfu 116 waliokufa kwenye vita vya kwanza, na huenda wakafika laki tatu na nusu, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Kwa hivo kama kwenu kuna mzee, bibi, shangazi, yeyote anayejua jina la babu aliyekwenda kariakoo, mwulizeni sasa, andikeni jina lake, la babake, kijiji, na kama alirudi ama hakurudi. Hata kama ni jina moja tu na hamjui zaidi ya hapo, niandikieni hapo chini, naanza na la ami yake bibi yangu, nitaziweka pamoja nizipeleke zinakostahili.